Alhamisi Saa Nane

Kuresoi,
2 Septemba 2024

Daktari Linah,

Nakusalimu wewe, wa nyumbani kwako na wa hapo chuoni. Ukiuliza hali yangu, magoti yanalalamika kwa baridi lakini mimi mwenyewe bado nasimama. Mvua imetupa viazi vingi mwaka huu, tunashukuru, ingawa wa kunisaidia kuvichimba hayupo.

Mimi ni Wangechi, mama yake Kamande, yule mwanafunzi wako wa masters ya ushauri nasaha aliyegongwa na lori huko Mai Mahiu tarehe kumi na mbili Juni. Ulikuja kwenye mazishi. Ulivaa koti la kijivu na hukula. Wanawake wa jikoni waliniambia, "Huyo mwalimu wa Nakuru amekataa hata chai," na ndiyo sababu nakukumbuka.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu hapa kwetu mtandao wa simu unashika mahali pamoja tu, kwenye kilima cha kanisa, na ukiongea pale umeongea na kanisa zima. Barua hii inaletwa na Kiptanui, anayepeleka viazi sokoni Nakuru kila Jumanne. Mpe jibu ataleta. Ni mtu wa kuaminika, ila usimkaribishe chai, hataondoka.

Swali langu ni moja. Kamande alikuwa akikusifu mpaka nikamwambia, "Basi hamia kwake awe mama yako." Kwa hiyo najua kama alikuwa na jambo moyoni, alikuletea wewe. Je, alikuja kwako siku zile za mwisho? Na kama alikuja, alisema nini?

Ni mimi,
Mama Kamande


Nakuru,
17 Septemba 2024

Mpendwa Mama Kamande,

Salamu nyingi. Barua imefika salama pamoja na viazi, asante sana. Pole kwa magoti. Sisi huku tu wazima, kazi tu ndiyo haituishii.

Kamande alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora niliowahi kupata tangu nianze kuongoza programu hii miaka sita iliyopita. Mafuriko yalipobeba watu Mai Mahiu mwezi wa nne, tuliombwa washauri wa kukaa na waliofiwa, na yeye ndiye wa kwanza kuinua mkono. Kwa wiki tano alikaa na familia kumi na nne. Kuna mzee mmoja kule ambaye hadi leo anamwulizia.

Kuhusu swali lako, utanisamehe. Katika kazi yetu, analoambiwa mshauri hubaki kwa mshauri. Ndilo somo la kwanza tunalofundisha. Tena chuo bado kinachunguza mambo yalivyokwenda, na hadi uchunguzi uishe sina ruhusa ya kusema mengi.

Tunamkumbuka kila siku.

Wako,
Dkt. Linah


Kuresoi,
8 Oktoba 2024

Daktari,

Habari za siku nyingi? Mimi sijambo. Magoti nayo usiyaulize tena, yana tabia ya kujibu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Haikuwa na mhuri wa chuo lakini niliuona. Sasa nikueleze ni kwa nini nauliza, labda ulidhani ni udaku wa mama mfiwa.

Kanisa letu halimwingizi ndani mtu aliyejitoa uhai. Dereva wa lori aliwaambia polisi kwamba alipiga honi tangu mbali, mchana kweupe, barabara imenyooka, na kijana akazidi kuvuka bila kugeuza hata shingo. Wazee wakayapokea maneno hayo wakaamua. Ulikuwepo, uliona. Mwanangu aliombewa nje, pale panapoegeshwa pikipiki. Mimi nimeongoza kina mama wa kanisa hilo miaka kumi na moja, na sasa nikiingia wananipisha kama nimebeba sufuria ya uji wa moto. Kuna wanaosema ingekuwa heri nihame. Nilishafukuzwa shamba hili mara moja, kwenye ghasia za uchaguzi za mwaka wa elfu mbili na nane, na nikarudi. Sitatolewa na minong'ono.

Kuna lingine, na usinicheke. Gambuti za Kamande, zile buti zake za mpira za shambani, ziko ndani ya stoo. Kila jioni nazigeuza juu chini zisiingie panya. Asubuhi nazikuta zimesimama. Nimefunga mbwa. Nimelala na ufunguo wa stoo chini ya mto. Zinasimama, vidole vimeelekea mlangoni, kama mtu aliyejitayarisha kutoka.

Nataka kujua kitu kimoja tu kabla sijafa. Mwanangu alitaka kufa, au hakutaka? Wazee wamekubali kwamba mwaka ukitimia, mwezi wa Juni, tunaweza kumwombea ndani, kama atapatikana mtu wa kusema jambo ambalo dereva hakulijua. Hakuwa mgonjwa wako, Daktari. Alikuwa mwanafunzi wako. Hiyo siri unayoitaja haimhusu.

Mama Kamande


Nakuru,
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Mama,

Barua hii haitakufika. Ndiyo maana naweza kuiandika.

Huwa tunawafundisha wanafunzi hivi: kama kuna mtu huwezi kumwambia neno, mwandikie, kisha itie barua kwenye sanduku la mbao lililo ofisini kwangu. Mwisho wa mwaka wa masomo tunazichoma zote nyuma ya maktaba bila kuzisoma. Sanduku lenyewe alilitengeneza Kamande. Bawaba moja imelegea, akasema atarudi kuikaza.

Alikuja. Ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi Juni, saa nne asubuhi. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatano kuamua kama programu yetu iendelee au ifungwe, na nilikuwa nimebeba mafaili mpaka kidevuni. Nilifungua mlango nusu, kwa mguu. Akasema, "Daktari, uko na dakika kidogo?"

Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Nasikia maji. Tangu wiki jana. Watu wakiniongelesha naona tu midomo ikicheza, maji yanafunika sauti. Jana ni mtu alinivuta shati, pikipiki ilikuwa inanigonga. Sikuisikia hata kidogo. Dokta, mimi naogopa."

Alisema anaogopa, Mama. Mtu anayetaka kufa haogopi pikipiki.

Kuna kanuni katika programu yetu, na niliiandika mimi: mwanafunzi akishakaa na wafiwa watano, lazima naye aketi asikilizwe kabla hajaenda kwa wa sita. Kamande alifika kwa wa kumi na nne bila mtu kumsikiliza. Alikuwa amebakiza masaa machache ya mazoezi, nami nilitaka wakaguzi wakute masaa ya kila mwanafunzi yamekamilika. Ratiba yake ya kwenda Mai Mahiu Jumatano, kwa familia ya kumi na tano, ilikuwa ndani ya mafaili yale yale. Nilikuwa nimeshaisaini.

Nikamwambia, "Pole, Kamande. Njoo Alhamisi saa nane tukae vizuri." Akasema, "Sawa, Daktari." Kisha nikausukuma mlango kwa kiatu.

Jumatano tulifaulu ukaguzi. Simu ya Mai Mahiu ilinikuta na glasi ya soda mkononi, watu wakipiga makofi. Alhamisi saa nane alikuwa mochari.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi saa nane mlango wangu hubishwa. Mara mbili, polepole, kama alivyobisha. Trizah, karani wangu, hukaa hapo hapo nje na hasikii kitu. Nikifungua naona benchi tu na yeye akiniangalia kwa huruma. Nimeacha kumpa mtu yeyote saa hiyo. Leo nimekaa naandika huku nikiingoja, nikijiambia kwamba kama ni huzuni inayonichezea, kalamu itaifukuza.

Mlango umebishwa sasa hivi. Sijafungua.

Ninachokijua kinaweza kumwingiza mwanao kanisani. Lakini siwezi kukuambia alichosema bila kukuambia nilichomjibu, na hilo la pili ndilo linalonishinda.

Linah


Nakuru,
19 Novemba 2024

Mpendwa Mama Kamande,

Salamu. Natumaini u mzima. Uchunguzi wa chuo bado haujakamilika, hivyo nakuomba uvumilivu. Kiptanui anakuletea sukari, majani chai na dawa ya kuchua magoti.

Kuhusu gambuti, usiogope. Huzuni huweza kumfanya mtu aone mambo.

Wako,
Dkt. Linah


Kuresoi,
14 Januari 2025

Daktari,

Heri ya mwaka mpya. Huku tumeuingia kwa baridi kali na ng'ombe mmoja kuzaa ndama jike, namshukuru Mungu.

Sukari nimewapa majirani. Dawa ya magoti nimeiweka, hiyo haina kosa.

Unasema huzuni humfanya mtu aone mambo. Sawa, wewe ndiye uliyesoma. Lakini huzuni haina mikono ya kusimamisha gambuti. Jana nilizifunga pamoja kwa kamba ya katani. Leo asubuhi kamba iko fundo lake vilevile, na gambuti zimesimama.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi kilio nimeshakipata, sina tena cha kufichuliwa. Wewe ndiye nakuogopea. Ulikataa chai kwenye mazishi, na mtu hukataa chai ya matanga akiwa na kitu kooni.

Sitakuuliza tena.

Mama Kamande


Nakuru,
Alhamisi, 22 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Sikuwahi kukuamkia hivyo, na nilipaswa tangu barua ya kwanza. Natumaini unaendelea vizuri, na ndama pia. Mimi si mzima sana, lakini hilo tuliache.

Ijumaa iliyopita tulichoma barua zisizotumwa, nyuma ya maktaba kama kila mwaka. Wanafunzi walisimama mduara, kila mmoja akatia ya kwake motoni. Natalie, msichana mmoja mchangamfu wa mwaka wa kwanza, akaniuliza, "Daktari, na yako?" Wote wakacheka. Nami nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa nimeitoa sandukuni nikiwa na nia ya kuitia motoni nikapumzike. Mkono ukakataa, Mama. Nilisimama mbele ya wanafunzi ishirini na mmoja nikiwa nimeinua bahasha, sisogei, mpaka moto ukaanza kufifia na Natalie akaacha kucheka.

Nilirudi ofisini nikajiambia, barua hii nimeiandika nipone mimi, na mwenye haja nayo amekaa Kuresoi akigeuza gambuti. Ni uoga niliokuwa nikiuita dawa, na nimewafundisha watoto wa watu uoga huo kwa miaka sita.

Basi ndani ya bahasha hii kuna barua mbili. Ya kwanza niliiandika Novemba na sijaibadilisha neno. Isome ukiwa umeketi. Ya pili ni ya wazee wa kanisa. Nimeandika jina langu kamili na cheo changu, na maneno ya Kamande kama alivyoyasema: kwamba alikuwa akisikia maji yanayofunika sauti zote, kwamba pikipiki ilikuwa karibu kumgonga siku moja kabla hajaja kwangu, na kwamba alikuwa anaogopa. Nimeandika pia kwamba aliomba msaada na hakupewa, na aliyemnyima ni nani. Wakitaka nije niseme mbele yao, nitakuja.

Mkuu wa kitivo nimeshamwambia yote. Akaniuliza nilikuwa na haja gani ya kuandika. Naacha uongozi wa programu tarehe thelathini na moja Julai, nafasi yangu ataishika mwenzangu, Dkt. Zeddy. Kanuni yangu ya wafiwa watano ameibandika mlangoni kwa herufi kubwa. Hata mimi nikipita huisoma.

Sikuombi msamaha. Ukinipa kwa barua nitajua ni adabu tu.

Mimi niliyemwambia aje Alhamisi,
Linah


Nakuru,
17 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Kiptanui anasema alikupa bahasha mkononi, ukaitia mfukoni mwa aproni bila kuifungua, ukaendelea kuchagua mbegu za viazi. Tarehe kumi na mbili imepita. Sijui kama kanisa lilifunguliwa. Najua sina haki ya kuuliza, lakini nauliza.

Alhamisi bado inabisha.

Linah


Kuresoi,
30 Juni 2025

Mwanangu Linah,

Marahaba. Hujambo? Unakula? Kiptanui anasema umekonda, na yeye huwa haoni watu, huona magunia tu, kwa hiyo lazima ni kweli. Mimi nipo, magoti yale yale.

Nimechelewa kujibu, na si kwa hasira. Ngoja niseme kweli: si kwa hasira peke yake. Nilipoisoma ile ya Novemba niliitupa nje ya dirisha, kuku wakaikanyaga. Nikatoka nikaiokota nikaipangusa. Nilifika pale uliposukuma mlango kwa kiatu nikakulaani kwa Kikuyu, maneno ambayo mama wa kanisa hapaswi kuyajua. Nimeyaombea radhi kwa Mungu. Kwako bado.

Barua ya wazee ilisomwa Jumapili, tarehe kumi na tano. Aliyeisoma ni Mzee Ephantus, yule yule aliyetoa amri mwili ubaki nje. Alipofika pale pa maji akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akasema, "Kumbe kijana hakusikia." Wakaichukua picha ya Kamande wakaiingiza ndani, wakaiweka mbele kabisa, na kina mama wakasimama wakaniimbia. Sikulia pale. Nililia nyumbani, nikikamua ng'ombe, mpaka ng'ombe akageuka kunitazama.

Na gambuti hazijasimama tangu siku hiyo. Nazigeuza jioni, asubuhi nazikuta nilivyoziacha. Naamka mapema zaidi kwenda kuangalia. Sijui kama nashukuru au nimemkosa tena.

Sasa nikuambie nililokuficha.

Nilijua alikuja kwako. Nilijua kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Jumatatu ile ile alinipigia, akanikuta kilimani nikitoka maombi. Akasema, "Mathe, Daktari ameniambia niende Alhamisi. Naweza kuja nyumbani kwanza? Nataka tu kulala." Nilikuwa na vibarua shambani wa kunyunyizia viazi dawa, mvua inatishia, na wote wananingoja mimi. Nikamwambia, "Onana na mwalimu wako kwanza, usimharibie mpango wake. Halafu uje Ijumaa." Akaniuliza, "Umesema?" Nikarudia. Akauliza tena, "Umesema nini, mathe?" Nikapaza sauti, kanisa lote likasikia, "Njoo Ijumaa!" Nikakata simu, nikalaumu mtandao. Linah, ule mtandao siku hiyo ulikuwa safi. Mimi nilimsikia vizuri kabisa, hata pumzi. Ni yeye ambaye hakunisikia, nami sikujiuliza kwa nini mpaka niliposoma barua yako.

Wewe ulimpa Alhamisi, mimi nikampa Ijumaa. Yeye alikuwa na Jumatano tu.

Nilianza kukuandikia kwa sababu nilitaka useme wewe, kwa mkono wako, ili mzigo uwe wako peke yako na mimi nitoke nikiwa mama aliyefiwa tu. Miezi tisa nimekuwa nikikungoja uanguke. Umeanguka, na wangu bado uko palepale ulipokuwa. Wazee wanajua lako. Langu hajui mtu. Kwenye kilima kile siwezi kulisema, na kuliandika nimekwisha kuliandika, na naona halitoshi.

Kwa hiyo nina ombi. Unayo ile saa ambayo hujampa mtu. Kiptanui amekubali kubadilisha siku, atanileta Alhamisi ya tarehe kumi Julai na kuningoja sokoni. Mwambie Trizah anionyeshe benchi. Usishike faili. Mlango uufungue wote, kwa mkono. Safari hii tutakunywa chai, mimi na wewe, na utakunywa mpaka kikombe kiishe.

Nitafika saa nane. Nikibisha usiogope, ni mimi.

Mama